Bomba Aliloliacha Livuje

Mpanda ya miaka ile, bomba likikupasukia nyumbani hukuwa na mtu wa kumpigia simu. Ulitoka nje na nguo zako zilizolowa, ukasimama barabarani hadi apite mtu mwenye baiskeli, ukamwambia, "Ukimwona Fundi Bomba mwambie huku kwa mwalimu tunaogelea." Mwenye baiskeli alimwambia muuza mkaa, muuza mkaa akamwambia mshona viatu karibu na stesheni, na kwa namna hiyo habari ilitembea mpaka ikamfikia. Mara nyingi alikuja kabla hujamaliza kukamua matambara. Sijui ilifikaje haraka hivyo. Nadhani kila mtu mjini alijua kwamba zamu yake ingekuja.

Jina lake nililijua, lakini sikumsikia mtu akilitaja, hata mkewe. Alikuwa Fundi Bomba tu. Alikuwa mwajiriwa wa ofisi ya maji, ndiye aliyetandika karibu mabomba yote ya mji, na baada ya saa za kazi, Jumamosi na hata Jumapili, alikuwa fundi wa yeyote aliyemwita. Katika miaka niliyomfahamu alifunga kila palipovuja, isipokuwa mahali pamoja, mtaani Ilembo, ambapo alipaacha pavuje kwa makusudi karibu miaka saba. Hapo ndipo watu walipomchoka, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumpenda.

Nilifika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shule niliiacha darasa la sita, na kazi nilikuwa nimeshaacha tatu. Yeye alikuwa anatafuta mtu wa kuchimba mitaro. Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua maji yakishaingia ukutani yanakwenda wapi.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, na alikunja suruali mguu mmoja tu, wa kulia, kwa sababu ndio aliopigia goti. Vyombo vyake alivibeba kwenye gunia la katani alilolitia mikanda ya begani. Akipita, gunia liligonga mgongo wake likatoa mlio kama wa ng'ombe wa Wasukuma wenye kengele, na watoto walimfuata wakiuiga mwendo wake. Hakuwafukuza. Aliwauliza maswali.

"Wewe, kwenu koki ya kuzimia maji iko wapi?"

"Sijui."

"Kamuulize baba yako. Kesho uniambie."

Swali hilo alimuuliza kila mtu: mwalimu, karani, mama wa sokoni, katekista. Alisema nyumba yenye bomba ambayo wenyewe hawajui koki kubwa iko wapi ni sawa na nyumba isiyojua mlango wake. Watu walimcheka, mpaka siku yao ilipofika.

Nakumbuka nyumba ya bwana shamba mmoja. Tulikuta maji yamefika sebuleni. Mke wake alikuwa bafuni, ameshika bomba lililopasuka kwa mikono miwili kama mtu anayemkaba mwizi, khanga imeganda mwilini, na bwana shamba anachota kwa sufuria na kumwaga dirishani. Fundi Bomba akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Koki kubwa iko wapi?"

"Fundi, wewe ingia uzibe hapa."

"Nikiziba hapo patapasuka pengine. Koki iko wapi?"

Hawakujua. Tukaitafuta nje, tukaikuta chini ya banda la kuku ambalo bwana shamba mwenyewe alikuwa amelijenga juu yake. Fundi aliwatoa kuku, akafukua kinyesi, akaifunga, maji yakakatika. Nilidhani sasa atakwenda bafuni. Badala yake alimwita bwana shamba.

"Njoo uifungue."

"Niifungue tena?"

"Uifungue, halafu uifunge. Mara tatu."

"Fundi, maji yanakaribia kitanda."

"Kitanda kina miguu, bwana."

Na kweli, yule mzee wa watu na shati lake jeupe alipiga magoti kwenye mavi ya kuku akafungua na kufunga mara tatu, na kila alipofungua tulimsikia mkewe ndani akipiga kelele. Mara ya tatu fundi aliridhika. Tangu hapo bwana shamba alilihamisha banda, na kila mgeni aliyefika kwake alionyeshwa koki kabla ya kuonyeshwa choo.

Mengine aliyowafundisha watu yalikuwa machache, na mimi nimeyatumia kila mji nilioishi baadaye. Ukishazima koki kubwa, fungua ile ya chini kabisa nyumbani maji yaliyobaki yatoke. Bomba lililopasuka lifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uuvute mpaka vidole viume, uanze mbali na palipopasuka na umalizie mbali, kisha ndipo umtafute fundi. Usiweke udongo wala ugali. Alisema ugali kwa sababu aliwahi kumkuta mtu ameweka.

Vifaa vilikuwa adimu, na kadiri miaka ilivyokwenda viliadimika zaidi. Washa, zile pete za mpira za kuzuia maji kwenye koki, alizikata kutoka kwenye kandambili zilizokufa. Kwenye maungio, ambako mafundi wa mijini walipaka rangi maalumu, yeye alizungushia nyuzi za katani alizozipaka nta ya nyuki kutoka pori la Ugalla. Alijivunia sana nta ile. Aliwaambia watu kwamba nyuki hawajawahi kuona maji yakipita kwao. Halafu siku moja masista wakamwita afunge bomba la jikoni kwao, na yeye akalifunga kwa nta, vizuri kabisa, bila kuuliza, kumbe lilikuwa linatoka kwenye pipa la maji ya moto. Sista mpishi alipowasha kuni asubuhi, nta ikayeyuka, jiko zima likanukia asali, na maji ya moto yakamwagika kwenye unga wa mikate. Fundi alirudi, akalitengeneza upya, na mwaka mzima kisa hicho alikisimulia mwenyewe kabla mtu mwingine hajakisimulia. "Nimewapikia masista uji wa nyuki," alisema. Kosa akilifanya, alilitangaza. Ndiyo maana lile la Ilembo liliwachanganya watu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Maji ya bomba hakuyanywa. Alisema yana ladha ya chuma, na mkewe alimchotea maji ya kisima. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini Jumapili moja, padri akiwa katikati ya mahubiri, alitoka kanisani, akazunguka nyuma, na tukasikia spana ikilia. Koki ya nje ilikuwa inadondosha, na yeye alikuwa amelisikia tone hilo tangu injili. Alirudi mahali pake akapiga ishara ya msalaba kwa mkono uliolowa. Padri alisema, "Sasa tuendelee." Ukizungumza naye na mahali fulani koki inatona, macho yake yalikuacha. Mkewe aliniambia kwamba mwanamume mwingine huamshwa na mtoto akilia, huyu wake huamshwa na tone.

Sasa nieleze Ilembo.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mwaka wa pili wa kazi yangu. Watu wa nyumba za mwisho walilalamika kwamba maji yanafika kwao kidogo. Fundi alitembea juu ya mstari wa bomba kutoka barabarani, bila ramani, kwa sababu ramani ilikuwa kichwani mwake, mpaka akasimama nyuma ya nyumba moja ndogo ya matofali mabichi. Ardhi yote ilikuwa imepasuka kwa ukame, lakini pale palikuwa na majani mabichi, upana wa mkeka. Alikandamiza kwa kisigino, maji yakachomoza.

"Soketi ya kuungia mabomba imelegea," aliniambia. "Chimba."

Nilikuwa nimechimba kama shubiri mbili pale mwanamke alipotoka mbio ndani, kichanga mgongoni. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama ndani ya shimo langu, miguu yake mbele ya jembe.

"Baba, acha. Hapo pana mtu."

"Mtu gani, mama?" fundi akauliza.

"Kulwa."

Mimi nilitazama kichanga mgongoni. Kwa Wanyamwezi pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, na anayefuata Doto. Huyu mgongoni alikuwa Doto.

Alitueleza polepole, akiwa bado amesimama kwenye shimo. Mumewe alifanya kazi ya reli na alikuwa mbali. Kulwa alikufa akiwa na wiki tatu. Mama mkwe alisema pacha hazikwi kwenye ardhi kavu. Anawekwa penye ubaridi, ardhi isiyokauka, la sivyo mvua inakasirika na yule aliyebaki anamfuata mwenzake. Walitafuta siku nzima, maana kilikuwa kiangazi, wakakuta kila mahali ni vumbi. Halafu yule bibi akaona majani mabichi nyuma ya nyumba yao wenyewe. Akasema Mungu amewafungulia jicho la maji. Wakamzika pale.

"Mkwe wangu naye ameshakufa," alisema. "Aliniachia kazi moja tu, nipaangalie pasikauke. Na Doto ana afya, mnamwona."

Fundi Bomba alivua kofia yake. Alitazama yale majani muda mrefu, kisha akatazama mstari wa bomba lake, ambalo alilitandika mwenyewe kabla nyumba ile haijajengwa.

"Tumekosea mama," akasema. "Utusamehe. Bomba halipiti hapa."

Akaniambia nirudishe udongo. Nilipoinua jembe akanizuia. "Kwa mikono," alisema.

Tulipofika barabarani nilimuuliza, maana mimi sikuweza kukaa na swali.

"Fundi, wewe unaamini mambo hayo ya ardhi baridi?"

"Siamini."

"Sasa?"

"Yeye anaamini. Na mtoto ni wake, si wangu wala wako."

"Lakini umesema bomba halipiti."

"Nimesikia nilichosema."

Tukaendelea kutembea mpaka stesheni. Nilielewa hata wakati ule kwamba akifunga, pale pangekauka wiki ile ile, na Mama Doto angekaa kila usiku akisikiliza pumzi za mtoto. Asipofunga, nyumba za mwisho zingekosa maji na yeye angekuwa fundi aliyeshindwa. Alichagua la pili, na hakumweleza mtu.

Watu wa Ilembo hawakumwonea huruma. Alikuwepo mzee wa nyumba ya mwisho, mfuga bata, ambaye kila kiangazi alimngojea barabarani.

"Fundi, koki yangu inatoa upepo."

"Nitaangalia, mzee."

"Usiwe na haraka. Nimeshazoea kuogea upepo. Bata ndio wanalalamika."

Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini nilimwona akishika mkanda wa gunia lake kwa nguvu. Yule aliyetoka kanisani kwa ajili ya tone moja sasa alipita Ilembo kila mwezi, akakandamiza ardhi kwa kisigino nyuma ya ile nyumba, akaona maji yakichomoza, akaondoka. Mama Doto akimwona alimwamkia kwa heshima na kumpa karanga. Alidhani fundi anapita kumwombea marehemu. Labda alikuwa anafanya hivyo pia. Aliwahi kuniambia kwamba mzee wa bata alikuwa na haki ya kulalamika, na kwamba haki hiyo ndiyo iliyomuuma, siyo maneno.

Mimi sikukaa. Nilikwenda Ugalla kurina asali, nikaenda Kibaoni msimu wa mpunga, nikaishi na Wapimbwe mpaka nikaanza kuota kwa lugha yao, nikarudi, nikaondoka tena. Kila niliporudi nilimkuta amepungua mwili kidogo na gunia ni lile lile. Nilimwuliza kuhusu Ilembo. Alijibu, "Panavuja," kama mtu anayejibu kwamba mama yake yu mzima.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka vita vilipoanza kule Kagera. Dizeli ya pampu ilikuwa inapatikana kwa shida, tangi la mji lilijaa nusu, na ofisini alikuwa amekuja bwana mkubwa mpya, kijana msomi, mtu wa haki. Alipima maji yanayotoka na yanayofika, akafuata mstari, akaona majani mabichi. Alimwita Fundi Bomba akamuuliza kwa nini. Fundi alisema tu, "Nitaangalia." Yule bwana akasema kwamba Jumatatu atatuma watu wanne na majembe. Siku ile ile karani wake alikwenda kupigilia vigingi nyuma ya nyumba ya Mama Doto, na alipomwona anashangaa alimweleza kwa upole, "Hapa hakuna chemchemi, mama. Hili ni bomba linavuja, miaka mingi sasa."

Nilikuwa nimeketi na fundi uani kwake, tunakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, Mama Doto alipoingia. Hakukaa alipokaribishwa.

"Uliniambia bomba halipiti pale."

"Nilikuambia," fundi akasema.

"Na lilikuwa linapita."

"Lilikuwa linapita."

"Miaka yote hii mimi nashukuru Mungu kwa jicho la maji, kumbe nashukuru bomba lako."

Hakuwa anafanya mzaha, wala hakuwa analia. Fundi alitazama mikono yake. Alimwambia kwamba angeweza kumweleza siku ile ile ya kwanza, lakini alimwona na kichanga mgongoni akakosa nguvu, na kwamba siku zilivyozidi kupita ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Akasema, "Nisamehe, mama."

Mama Doto alikaza fundo la khanga yake.

"Doto yuko darasa la kwanza," alisema. "Juzi alimpiga mtoto wa jirani, mkubwa kwake. Hawezi kufa kwa sababu ya bomba, nami najua. Lakini wale watu wanne na majembe hawatamfikia mwanangu. Wewe ndiye uliyefanya bomba lipite pale. Wewe ndiye utakayelifunga. Na usimguse."

"Sitamgusa."

Asubuhi fundi alikwenda kwa bwana mkubwa akamwambia yote, kuanzia kichanga mpaka karanga. Aliniambia kwamba yule kijana alitazama dirishani, kisha akasema, "Mzee, ungeniambia. Stoo kuna mabomba manne," akaandika kibali palepale.

Tulichimba mtaro mpya kando ya barabara, mimi na yeye, siku tatu, tukilizunguka eneo la nyumba ile kwa mbali. Mabomba manne hayakutosha. Tuliongeza vipande alivyokuwa amevihifadhi nyumbani. Jumamosi tulikata bomba la zamani barabarani na kuunga mstari mpya, hatua zaidi ya ishirini kutoka kwenye majani. Mzee wa bata alikuja kutazama. Fundi alizungushia katani, akaweka nta, akashika plagi ya chuma ya kuzibia ile njia ya zamani, akasimama.

"Mama Doto," akaita. "Nifunge?"

Alikuwa amesimama pale penye majani, ameshika kiuno. Alitazama chini.

"Funga."

Akafunga. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotazamia. Kule kwa mzee wa bata maji yalianza kugonga ndoo, na yeye aliondoka mbio bila kuaga. Mimi nilianza kukusanya spana. Fundi alitembea mpaka nyuma ya nyumba, akasimama kando ya Mama Doto, wote wawili wakitazama yale majani ambayo bado yalikuwa mabichi kama jana.

"Patakauka lini?" Mama Doto akauliza.

"Sijui, mama. Mimi nikishafunga huwa naondoka. Sijawahi kukaa nikaangalia mahali pakikauka."

Mama Doto aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. Akarudi, akaleta cha pili. Fundi alitazama barabara, akatazama gunia lake, akakaa.

Doto aliporudi kutoka kuokota kuni na wenzake alitukuta hivyo: fundi na mama yake kwenye vigoda, mimi nimechuchumaa, watu wazima watatu tunatazama majani. Aliutua mzigo.

"Nyie mnaangalia nini?"

Fundi Bomba aliinamisha kichwa. Mama yake alisogea, akamwachia nafasi kwenye kigoda.

"Kaa hapa," alimwambia, "nikuambie."